Umeme wa Akiba Usio na Kelele: Kabla Hujanunua, Pima Mzigo

Kazi yangu ni kusikiliza. Natumiwa mahojiano yaliyorekodiwa, navaa spika za masikioni, naandika neno kwa neno. Nafanyia nyumbani, Tabata, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, kabla sijarudi nyuma sekunde tano kwenye sauti ninayoisikiliza, jenereta za mtaa zimeshaamka, moja baada ya nyingine kama majogoo. Na chini ya meza yangu UPS, kile kiboksi chenye betri ya akiba ya kompyuta, niliyoinunua ili initulize inaanza kulia: piii, piii, piii.

Ndiyo maana swali la umeme wa akiba kwangu halikuishia kwenye "utawaka au hautawaka". Lilikuwa "utawaka kwa sauti gani". Na hapo watu wamegawanyika kambi mbili. Wa jenereta wanasema kelele ni ada ya kuwa na umeme wa uhakika, na mwenye betri ni mtu anayesubiri giza kwa starehe tu. Wa betri wanasema jenereta ni mambo ya zamani. Nimekaa kambi zote mbili, na naona wote wanaruka hatua ya kwanza.

Ipo na kambi ya tatu, inayosema siku hizi hata hakuna haja. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mgao uliotutesa kuanzia mwishoni mwa 2023 ukaisha. Hoja ina uzito. Aliyenunua mtambo mkubwa akiwaza giza la saa kumi kila siku leo ana chuma cha bei mbaya kinachokula vumbi. Lakini bwawa linazalisha, halisimamishi nguzo iliyoanguka na mvua ya masika wala halibadilishi transfoma iliyoungua mtaani. Kukatika kwetu kumebadilika sura: dakika ishirini leo, saa tatu Alhamisi, mara chache sana kutwa nzima. Na hiyo ndiyo aina ya kukatika unayopaswa kuinunulia kifaa, siyo ile unayoikumbuka kwa uchungu.

Hatua inayorukwa ni kupima mzigo. Niliazima kipimo cha kuchomeka kwenye soketi kutoka kwa fundi, nikaandika kila kitu kwenye karatasi. Laptopu, ikiwa inafanya kazi, wastani wa wati 30. Ruta wati 10. Kile kiboksi cha faiba ukutani, 8. Skrini ya pembeni, 22. Taa, 9. Feni ya mezani, 45. Jumla 124. Nikaitazama ile karatasi muda mrefu. Nilikuwa karibu kununua jenereta ya wati 2,500 kwa ajili ya mzigo wa wati 124, na zaidi ya theluthi ya mzigo huo ni upepo.

Tena laptopu ina betri yake. Hilo tunalisahau kwa sababu tumezoea kuiacha kwenye chaja hadi betri inakufa kwa uvivu. Ukiondoa laptopu, ukazima skrini ya pembeni na taa mchana, kinachobaki ni feni na wati 18 za intaneti. Kwa kukatika kwa saa mbili, mtu wa laptopu anahitaji kuilinda ruta na kiboksi cha faiba tu.

Kwa ruta kuna vibetri vidogo vinavyotoa volti 12 moja kwa moja, havina feni, havina king'ora, vinakaa nyuma ya ruta kama sabuni ya kipande. Hakuna kitu kimya kuliko hicho. Angalizo langu ni moja: namba ya kwenye boksi. Ikiandikwa mAh (miliampea-saa) 10,000, hiyo imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, yaani wati-saa 37. Ruta ya wati 10 itakaa saa tatu, siyo nane alizokuahidi muuzaji. Ukiongeza na kiboksi cha faiba kwenye kibetri hicho hicho, saa mbili hazifiki. Na hakikisha volti za ruta yako kwa kusoma kibandiko cha chaja yake. Ruta ya volti 9 ukiichomeka kwenye 12 unaweza kuizika siku hiyo hiyo.

Mwenye kompyuta ya mezani hana njia hiyo. Yeye umeme ukipepesa tu, kazi imepotea. Huyo anaihitaji UPS, na UPS ndiyo kifaa kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Ile ya VA 650 (VA ni volti-ampea, siyo wati) haitoi wati 650. Nyingi hazifiki hata 400. Ndani yake mara nyingi kuna betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, wati-saa 84 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo ukiikamua haraka. Kompyuta ya mezani na skrini yake zikila wati 150, una dakika kumi hadi kumi na tano za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Siyo kuendelea na kazi. Anayekuuzia kwa maneno "utapiga kazi mpaka umeme urudi" anakuuzia dua.

Ila faida yake ni ya kweli: inahamia kwenye betri ndani ya milisekunde chache, kompyuta haijui kilichotokea, na zile za daraja la kati hurekebisha volti umeme ukiwa mdogo bila kugusa betri. Kwa mitaa yetu ambako jioni taa zinakuwa na rangi ya chai, hilo pekee linalipa. Zipo za daraja la juu, zinazopitisha umeme wote muda wote kupitia inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Nzuri kwa seva. Kwa chumba cha kazi nyumbani nasema hapana, kwa sababu feni yake haizimi, iwe umeme upo au haupo.

Na ile piii piii? UPS nyingi zinanyamazishwa kwa kubonyeza kitufe na kukishikilia, au kwa programu kupitia waya wa USB. Yangu haikuwa na vyote viwili. Niliinunua kwa bei ya kutupa na nilitupiwa. Nikampelekea fundi, akaifungua, akasubiri, akagusa hapa na pale kwa kipimo chake, kisha akaziba tundu la king'ora kwa gundi ya moto. Shilingi elfu tano. Sasa inalia kama mbu aliyefungiwa kwenye kibiriti. Usijaribu mwenyewe, ndani mle kuna umeme unaobaki hata ukishachomoa plagi.

Sasa inveta na betri kubwa, ambayo ndiyo wengi wanaiita "mfumo wa kimya". Ni kimya kweli? Sehemu. Betri haina sauti, lakini inveta ina sauti tatu. Ya kwanza ni tak! ya swichi ya ndani inapohama, hiyo utaizoea. Ya pili ni mngurumo wa transfoma kwenye inveta nzito za mtindo wa zamani, sauti nene ya chini ambayo mchana huisikii na usiku huwezi kuacha kuisikia. Ya tatu ni feni ya kupoza, na hapa pana mtego. Feni huamka inveta inapofanya kazi nzito. Ukinunua ndogo inayotosha kwa shida, itapuliza muda wote. Ukinunua kubwa mara tatu ya mzigo wako, feni italala, lakini inveta kubwa inajilisha yenyewe: wati 10, nyingine 25, hata usipochomeka kitu. Kwa mtu wa wati 124, kujilisha kwa wati 25 ni kama kumlipa mlinzi mshahara unaofikia moja ya tano ya mauzo ya duka. Mimi nilisimama katikati: inveta ya VA 1,000, na nikaitoa mezani nikaifunga kwenye korido, ukutani, mbali na sikio.

Kuna na sauti ya nne, ambayo siyo ya inveta bali ya vitu vyako. Inveta za bei poa hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini kama la gridi. Feni ikilishwa umeme huo inalia mmm, inapata joto, na baadhi ya kompyuta za mezani zinagoma kabisa. Dai ile ya wimbi laini, inayoitwa pyua saini, na umwambie muuzaji aichomeke feni mbele yako. Masikio yako yatakupa jibu kabla ya karatasi.

Betri yenyewe ningeweza kuiandikia makala nyingine. Kwa kifupi: betri ya gari siyo ya kazi hii, imeundwa kupiga stata kwa sekunde chache, ukiimaliza kila siku inakufa ndani ya miezi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu unatumia nusu. Toa na upotevu wa inveta, unabaki na kama wati-saa 500. Kwa mzigo wangu ni saa nne. Ya lithiamu aina ya fosfeti, ukubwa ule ule, inanipa saa saba na inavumilia kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi, wakati ya risasi huchoka baada ya mara mia kadhaa. Bei yake ndiyo inayoumiza. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hukata maisha ya betri ya risasi nusu, na stoo ya Tabata mwezi Februari siyo mahali pa nyuzi 25. Kabla ya kulipa, beba. Ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo 28 hadi 30. Kariakoo nilionyeshwa moja yenye kibandiko cha 100, nikainyanyua kwa mkono mmoja nikiwa nimeshika soda kwa mwingine. Nikairudisha chini, nikamaliza soda.

Upande wa jenereta nao usikilizwe, maana una haki zake. Kwanza, bei ya kuingilia ni ndogo. Pili, haimaliziki: ukiwa na petroli una umeme, iwe saa mbili au siku mbili. Tatu, inaendesha vitu ambavyo betri ya kawaida itavikimbia, kama pampu ya maji na friza. Kuhusu kelele, zile zinazoitwa za inveta hutangazwa kwa desibeli 50 hadi 60, wakati za kawaida huzidi 65 na nyingine zinafika 75. Pengo la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti mara mbili. Lakini soma maandishi madogo: kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa mita 7 kutoka kwenye mashine, ikiwa na mzigo wa robo. Nani Dar ana mita 7 kati ya dirisha na ukuta wa jirani? Kwenye uchochoro wa mita moja na nusu kuta zinairudisha sauti, na ile 55 unaisikia dukani tu.

Kilichonitoa ni hesabu ya mafuta. Nilipoipiga, lita ilikuwa ikizunguka shilingi 3,000. Jenereta ndogo ikiendesha wati 124 inakula karibu sawa na ikiendesha 500, tuseme nusu lita kwa saa. Saa nne, elfu sita. Kuijaza betri yangu kwa umeme wa Luku kwa saa nne zile zile hakuvuki shilingi 600. Ukiweka na gharama ya betri kuchakaa, pengo linapungua sana, wa jenereta wako sahihi kunikumbusha hilo. Ila kwa kukatika kwa muda mfupi halifutiki.

Mengine ni ya uhai. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inaua usingizini. Usiiwashe koridoni wala kwenye baraza lililozibwa, hata mvua ikinyesha. Na usirudishe umeme kwenye nyumba kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili. Unaweza kumuua fundi aliyeko juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Weka chenjiova, swichi inayoitenga nyumba na laini ya mtaa.

Hivyo nikafunga mfumo wangu, nikangoja umeme ukatike kama mtoto anayesubiri Idi. Ukakatika. Tak! Feni inazunguka, ruta inapepesa, kimya. Kisha, ng'ambo ya ukuta: drrrrrrr. Jirani yangu ni mama anayeuza samaki, ana friza mbili. Nikafunga dirisha; joto likapanda, nikaongeza kasi ya feni, yaani ule mzigo mkubwa kuliko yote kwenye karatasi yangu. Nilikuwa naulisha ukimya wangu kwa betri ili kupambana na jenereta ya mtu mwingine.

Jioni nikaenda. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya mashine."

"Ndiyo, mama."

"Haya, hiyo betri yako itabeba friza zangu mbili?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani. Friza inapowaka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Inveta yangu ingezima kwa aibu. "Haibebi, mama."

"Basi."

Lakini friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi hata siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Hahitaji kuwasha jenereta kutwa. Tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa tukapanga: akiuza asubuhi anafungua friza moja tu, jenereta inawaka kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu tena jioni baada ya saa kumi na moja. Mimi nimempa taa ya dukani, wati 9, kwa ekstensheni inayopita juu ya ukuta. Juzi umeme ulikatika saa tano, na nilimsikia anamkemea mteja: "Usifungue hilo friza, mwanangu anafanya kazi."