Ngozi Niliyokabidhiwa

Nimechora tatuu kwa miaka kadhaa sasa, na bado kila ninapovaa glavu, nikaikaza ngozi ya mtu kwa mkono wa kushoto na kuiwasha mashine kwa mkono wa kulia, hunijia shukrani ambayo sijaizoea. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa starehe ya vijana. Mimi nashikilia kwamba ni ufundi kamili, unaodai mkono mtulivu, usafi usio na mzaha na uaminifu kwa mtu aliyejikabidhi kwako.

Kukabidhiwa huko ndiko ninakokushukuru zaidi. Mchoraji wa karatasi akikosea huchukua karatasi nyingine, lakini mimi sina ngozi nyingine ya kumpa mteja wangu. Sindano inatakiwa ifike kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, katika tabaka la pili la ngozi: isipofika hapo, wino huondoka pamoja na ngozi ya juu inayojibadilisha kila baada ya wiki chache, ikizidi, wino husambaa na mstari ukafifia kingo zake. Baada ya hapo mwili wenyewe huichukua kazi, kwani seli za kinga humeza chembe za wino na kukaa nazo, na zinapokufa, seli nyingine huzipokea chembe zilezile. Tangu nilipolielewa jambo hilo, hakuna mchoro ninaouita mdogo.

Mara nyingi humkumbuka Ötzi, mtu wa kale aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na ambaye mwili wake ulipatikana mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alpi. Ana alama 61, nyingi zikiwa kiunoni na miguuni, na baadhi ya watafiti wanadhani zilichanjwa ili kutuliza maumivu ya viungo. Nami napenda kuamini kwamba aliyemchanja alikuwa akimuuguza.

Naamini hivyo kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuja kwangu baada ya kuondolewa titi kutokana na saratani, akitaka nimchoree chuchu juu ya titi lililoundwa upya. Ngozi yenye kovu ni ngumu, hupokea wino bila usawa, kwa hiyo nilikwenda polepole, nikichanganya rangi ya waridi na hudhurungi na kuweka kivuli upande mmoja ili kitu kilicho bapa kionekane kimeinuka. Nilipomaliza, aliniomba nizime taa yangu kali, kwa sababu, alisema, nyumbani hatajitazama chini ya taa ile. Nikaizima. Akakaa muda mrefu mbele ya kioo, katika mwanga wa kawaida wa dirishani, nami nikaanza kukusanya sindano zilizotumika bila kusema neno.