Kalamu Haijashuka, Wimbo Umekwisha

Juzi nilivaa miwani, nikafungua daftari, nikachonga penseli kwa utulivu wa mtu anayeanza kazi ya maana, kisha nikauchezesha wimbo mpya ambao mhariri alitaka niuhakiki, na kabla sijamaliza kuandika tarehe, wimbo ukawa umekwisha. Nilidhani simu imezimika. Nikarudia. Simu ilikuwa nzima: dakika 2 na sekunde 8, pamoja na ile sehemu ya mwanzo ambapo mtayarishaji hulitaja jina lake kwa kunong'ona, kana kwamba anamkwepa mtu anayemdai.

Ndugu zangu huiona kazi hii kuwa ni kulipwa kwa kukaa. Hawajui hesabu zake. Mhariri anataka maneno 800, na wimbo wenyewe una maneno 40, ambayo 24 kati yake ni "beibi" na mengine 5 ni ile "yee" inayojitokeza kila mtunzi anapokwama. Nabaki na maneno 11 ya kuchambua, kwa hiyo kila neno la msanii linanidai takriban maneno 73 yangu. Neno "nami" nililichambua kwa aya nzima, nikagusia upweke, nikagusia umoja, na bado nilikuwa na deni.

Sababu ya ufupi huu inajulikana, na haihusiani na sanaa. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa pindi msikilizaji anapofikisha sekunde 30, na sekunde ya 31 haiongezi kitu katika hesabu hiyo hata ikipambwa kwa zumari na matarumbeta. Ndiyo maana utangulizi wa gitaa, ule uliompa mtu nafasi ya kuvuta kiti na kunyamazisha watoto, umefukuzwa, na kiitikio kimesukumwa hadi mlangoni kama mgeni aliyefika kabla ya mwenyeji kuoga. Nikiri kwamba ufupi haukuanza leo. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika 3 kwa kila upande, na waimbaji wa zama hizo walijibana humo humo, wakaweka beti, kiitikio na hata nafasi ya mpiga fidla kujidai. Lakini wao walibanwa na sahani. Huyu wa leo anakiogopa kidole gumba changu, ambacho wala sijakinyanyua.

Kuhusu sauti zenyewe, nitasema machache, kwa kuwa daktari amenikataza hasira. Programu ya Auto-Tune, ile inayonyoosha sauti ya mwimbaji aliyekosea noti, ilitoka mwaka 1997, kazi ya mhandisi Mmarekani, Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya sauti ili kutafuta mafuta chini ya ardhi. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher aliitumia waziwazi kama pambo, akapendeza. Sina ugomvi naye, wala na mhandisi. Ninachosema ni kwamba siku hizi kifaa hicho kinachimba sauti katika makoo ambayo mtafuta mafuta yeyote mwenye akili angeyaangalia mara moja, akafungasha vyombo vyake na kuondoka.

Nikaona afadhali niende kwenye tamasha, nimsikie mtu akiimba ana kwa ana. Tiketi ilisema saa moja jioni. Msanii alipanda jukwaani saa tano usiku, baada ya mshereheshaji kutuuliza mara kumi na saba kama tuko tayari, swali ambalo kufikia mara ya tisa nililijibu kwa kukaa chini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100. Wenye spika zile nadhani walidhani hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Mbele yangu alisimama kijana mrefu aliyekuwa akirekodi kila kitu, nami nikalazimika kulitazama tamasha ndani ya simu yake. Kiitikio cha wimbo wa pili kilinipita kwa sababu alikuwa akijibu ujumbe.

Hapo ndipo nilipoona midomo ya msanii ikitangulia sauti. Nilimtetea. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na mtu aliyesimama mita 170 kutoka kwenye spika huipata ikiwa imechelewa nusu sekunde. Nilikuwa bado namtetea kwa fizikia wakati msanii aliponyanyua chupa ya maji, akanywa mafunda manne, na sauti yake ikaendelea kuimba, tena ikapanda. Mwaka 1990 kundi la Milli Vanilli lilinyang'anywa tuzo ya Grammy ilipobainika kwamba sauti za kwenye albamu hazikuwa zao. Huyu angalau plebeki ilikuwa ya sauti yake mwenyewe, na aliporudisha chupa alipigiwa makofi. Alikaa jukwaani dakika 35, tatu kati ya hizo akibadilisha viatu, katika zama ambazo Taylor Swift aliimba kwa zaidi ya saa tatu kila usiku katika maonyesho 149, kuanzia Machi 2023 hadi Desemba 2024. Nilimwambia hayo yule kijana mrefu. Akanijibu kwa heshima, "Mzee, betri imekwisha," tukasikitika pamoja.

Nilirudi nyumbani masikio yakivuma, nikaandika maneno 800 bila kunyanyua kichwa, nikayatuma alfajiri. Mhariri, ambaye ni rika la mwanangu wa mwisho, alinipigia kabla ya saa tatu asubuhi. "Mzee wangu, uhakiki ni mzuri sana, lakini wasomaji wa siku hizi hawavuki aya ya kwanza. Ufupishe, halafu ile hukumu ianze mwanzoni kabisa." Nikauliza niufupishe hadi wapi. Akasema hadi uingie kwenye kioo cha simu.

Nikaketi nikakata. Niliondoa santuri, nikaondoa desibeli, nikamwondoa mhandisi na mafuta yake, nikaendelea kukata hadi likabaki neno moja: "Hakuimba." Nikalirudia mara nne, ili msomaji afikishe sekunde 30.