Toto Afya Kadi na mtoto asiye na shule

Machi 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) wa Tanzania ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto. Tangu 2016 mzazi alikuwa akimkatia mwanawe bima hiyo kwa Sh50,400 kwa mwaka. Sasa watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule au vifurushi vya familia.

Hoja ya Mfuko haikuwa ya kubeza. Bima huenda kwa wazima kuwachangia wagonjwa. Wazazi wakingoja mtoto augue ndipo wakate kadi, fedha zinazotoka zitazidi zinazoingia, na Mfuko ukifilisika hatibiwi mtu. Shuleni watoto husajiliwa kwa mkupuo, na wengi wao ni wazima.

Ila nani hayumo darasani? Mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hata shingo haijakaza, mara nyingi hana shule ya kumsajili. Na mwenye usonji huweza kurudishwa nyumbani kwa sababu tu hajajua kwenda choo. Hao ndio wenye kuhitaji hospitali zaidi: dawa za kifafa, mazoezi tiba, nimonia inayoweza kuja uji unapomwingia njia ya hewa. Siamini ilikusudiwa kuwaacha nje, lakini nje ndiko walikobaki.

Kadi ilirejeshwa baadaye, nikafurahi kwa dhati. Hata hivyo anayedhani kadi inatosha anakosea. Wataalamu wa mazoezi tiba wengi wako Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Mama wa kijijini humbeba mgongoni mtoto wa miaka minane, kanga imembana kifuani, visigino vya mtoto vikimgonga miguuni, hadi stendi. Nauli hiyo bima haiilipi. Akikosa safari mbili tatu, misuli inakakamaa, na kuilegeza tena ni kazi ya miezi.

Kwa maoni yangu, Mfuko usiachiwe mzigo huu peke yake. Gharama za watoto hawa zitoke hazina ya serikali, na usajili ufanyike zahanati, palepale wanapopimwa uzito. Muuguzi naye afundishwe kumwonyesha mama namna ya kumkalisha mtoto, kumlisha kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, na kumnyoosha miguu taratibu, asubuhi na jioni, palepale mkekani.