Mtumba Wangu wa Kwenda Mtumba

Mimi ni mtunza kumbukumbu, yaani yule ambaye zamani aliitwa karani wa masijala, katika mojawapo ya wizara zilizohamia Mji wa Serikali wa Mtumba, hapa Dodoma. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kila barua inaingia katika jalada lake, inapewa namba ya folio, na haitoki bila saini. Nalitaja jambo hili mapema ili ifahamike kwamba aliyepatikana hapa si mtu wa kuamini maneno matupu. Nimewahi kuzikataa barua za watu wazito kwa sababu tu hazikuwa na tarehe. Lakini mwezi Julai, asubuhi yenye baridi na ule upepo wetu unaopenya hata dirisha lililofungwa, nilimkabidhi mtu nisiyemjua shilingi 8,200,000 kwa sababu aliniambia kwamba gari lake "halina shida, ni kuwasha na kuondoka".

Sina budi kukiri kwamba hakusema uongo. Niliwasha, nikaondoka. Suala la kurudi hatukulizungumza.

Chanzo cha yote ni umbali. Mtumba ipo kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, na mimi nimepanga Nkuhungu, ambako ni upande wa pili kabisa. Kila asubuhi nilipanda daladala mbili, na katika ile ya pili nilisimama nimeinamisha shingo kama mtu anayeombewa. Wenzangu waliokuwa na magari walifika ofisini mashati yamenyooka, wakanikuta nikijifuta vumbi. Ndipo nilipokwenda kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nikakopa, nikaamua kununua mtumba wa kunifikisha Mtumba. Mzaha huo niliutunga mwenyewe na nikaufurahia sana kwa muda wa wiki moja. Sasa unatumiwa na kila mtu, hadi mlinzi wa getini.

Madalali wa magari wana Kiswahili chao, na Baraza la Kiswahili la Taifa lingetusaidia sana kama lingekitungia kamusi. Wanaposema "bei inaongeleka", maana yake ni kwamba mtaiongea kwa kirefu, mtachoka, na itabaki ilivyo. Wanaposema gari lina "vitu vidogovidogo", udogo huo wanaupima kwa mfuko wao, si kwa wako. Na mwenye gari daima anasafiri. Sijapata kusikia gari la mtumba linalouzwa na mtu ambaye yupo, anakaa tu nyumbani, na hana haraka. Langu mimi niliambiwa lilikuwa la mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akienda nalo kanisani tu. Kwa hali niliyozikuta bushi na shokapu zake baadaye, nimeridhika kwamba kanisa hilo limejengwa kileleni mwa mlima na kwamba ibada zake ni kutwa mara tatu.

Hata hivyo nilikagua, tena kwa makini. Nilisoma kadi ya gari mwanzo hadi mwisho, nikalinganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye bodi, nikaangalia saini na mhuri. Vyote vilikuwa sawasawa, nami nikajiona nimemaliza. Dalali alinitazama kwa heshima, akasema, "Bosi, wewe si mtu wa mchezo." Sasa ndiyo natambua kwamba nilikuwa nimekagua jalada, na gari lenyewe sikuligusa. Kwa kweli nililigusa mara moja tu. Niliweka mkono juu ya boneti, nikaikuta ina joto ingawa ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, na badala ya kuuliza nani amelichemsha alfajiri yote hiyo na kwa nini, nilifarijika, kama mgeni aliyetengewa maji ya moto ya kuoga. Fundi aliniambia miezi mitatu baadaye kwamba gari linalogoma kuwaka likiwa la baridi ndilo linaloamshwa mapema kabla mnunuzi hajafika. Fundi huyo ana tabia hiyo ya kunipa elimu baada ya tukio.

Yapo na mengine ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyaona. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya cheki injini inapaswa kuwaka pamoja na wenzake, kisha izime injini inaponguruma. Kwangu haikuwaka kabisa, nami nikalichukulia jambo hilo kuwa ni dalili ya afya njema. Dashibodi ilipokuja kufunguliwa, tulikuta taa ipo, tena nzima, inawaka kwa bidii zake zote nyuma ya kipande cha utepe mweusi ilichobandikwa kama mtu aliyezibwa mdomo. Halafu kuna kilomita. Mita ilionyesha 87,000, lakini ubavuni mwa mlango kulikuwa na stika ya kubadilisha oili, iliyofifia, inayokumbusha kwamba oili inayofuata imwagwe kwenye 168,000. Nimefanya kazi ya kumbukumbu miaka kumi na tisa na sijawahi kukuta jalada moja lenye nyaraka mbili zinazogombana waziwazi kiasi hicho. Gari lilikuwa limepunguza umri kama mchezaji wa timu ya vijana.

Redio nisiiseme sana. Redio za Japani hushika kuanzia 76 hadi 90, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, kwa hiyo naendesha gari nikisikiliza mvumo wa mahali pasipo na watu. Lakini gari lenyewe huongea. Kila ninapoliwasha, sauti ya mwanamke hutoka chini ya dashibodi na kusema sentensi moja ya Kijapani, kwa upole na adabu ambayo sijaizoea. Siku ya kwanza mama watoto alishtuka, akaniuliza huyo ni nani. Nilimjibu kwamba ni salamu, kwa kuwa Wajapani ni watu wa heshima na bila shaka hata magari yao yamefundishwa kuamkia. Tangu hapo ikawa desturi: gari likisema maneno yake, nami hujibu, "Na wewe pia, ahsante." Watoto waliikariri sentensi nzima na kuipeleka shuleni.

Mwezi wa kwanza ulipita na majeraha madogo tu, ukiacha siku niliyosimamishwa na askari wa usalama barabarani pale Ihumwa. Aliingiza namba ya gari kwenye mashine yake akanijulisha kwamba nadaiwa makosa matatu, kila moja shilingi 30,000. Yote ni ya mwendo kasi kwenye vibao vya 50 njia ya Morogoro, na yote yalitendeka kabla sijalifahamu gari hilo. Nililipa. Lililoniuma halikuwa fedha. Niliumia kujua kwamba gari hili lilikuwa na ujana wake, likakimbia kule Gairo hadi likaandikiwa faini, kisha likaletwa kwangu kuugulia.

Oktoba ndiyo iliyotoa siri. Julai ya Dodoma inaweza kumsitiri mgonjwa yeyote, lakini Oktoba jua linapiga tangu saa tatu, na injini isiyojiweza haina pa kujificha. Tulikuwa tukienda ukweni, Bahi, mimi na mama watoto na watoto watatu na mfuko wa sukari kilo kumi. Sikuwa nimewahi kufika ukweni na gari langu mwenyewe, na nakiri kwamba nilikuwa nimevaa miwani ya jua. Tulipokaribia Kigwe, mshale wa joto ulipanda mpaka juu kabisa, ukatulia huko kama aliyefika nyumbani. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti, mwingi, mweupe, na mwanangu wa mwisho akauliza kama tumeanza kupika.

Akaja mzee mmoja wa Kigogo na punda wake aliyebeba madumu manne ya maji. "Mbukwenyi," akatuamkia. Nilimweleza shida, nami nikauendea mfuniko wa rejeta. "Mwanangu, acha kipoe," akasema. "Hata chungu cha ugali hakifunuliwi hivyo." Nilimtii, na ndiyo sababu uso wangu bado ninao. Tulikaa chini ya mbuyu dakika arobaini. Kisha akaniuzia madumu mawili, na gari likayanywa yote mawili bila kupumua, katika nchi ambayo watu huamka usiku kuyatafuta maji hayo. Yule punda alinitazama. Sisemi alinidharau, nasema alinitazama kama mtumishi mwenzangu ambaye kilomita zake ni za kweli.

Ukweni tulifika saa kumi jioni, tukivutwa na trekta. Baba mkwe alitupokea kwa heshima zote, hakutaja gari hata mara moja. Aliuliza tu kama basi siku hizi halipiti.

Gereji ninayokwenda iko chini ya mwarobaini, upande wa Kizota. Fundi alipofunua kifuniko cha oili, alinionyesha kwa ndani: badala ya weusi wa oili kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani ni oili ya aina nyingine. Akaniambia kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanaingia kwenye oili. Kisha akauliza lile swali ambalo kila fundi Tanzania humuuliza kila mteja kwa uchungu uleule: "Mzee, nani alikufanyia hivi?"

Aliyefanya hivyo alikuwa msanii. Themostati, ambayo kazi yake ni kuyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta kadiri ya joto, ilikuwa imeng'olewa na kutupwa. Feni ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye swichi, ili izunguke muda wote na mnunuzi asihisi joto. Waya wake ulikatika kwa mtikisiko, nayo ikapumzika. Ndani ya rejeta hakukuwa na kulenti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, hata tone. Kwa miaka, gari lilikuwa limenyweshwa maji ya kisima, haya yetu yenye chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, na ukoko huo ulikuwa umeziba mirija kama ulivyoziba birika la mama watoto. Hata mfuniko ulikuwa umelegea springi. Shuleni nilifundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Dodoma, tulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka hata kabla ya hapo, na mfuniko mzima ndio unaoyabana kwa shinikizo yasichemke mapema. Wangu haukuwa ukibana kitu. Nilikuwa nimezunguka na sufuria lenye magurudumu.

Gasketi, kusawazisha hedi kwenye mashine, rejeta nyingine ya mtumba iliyotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam nikaipokee stendi ya Nzuguni, oili, kulenti, na mkono wa fundi: shilingi 560,000. Nilipoomba risiti, fundi aliniandikia nyuma ya boksi la plagi. Nimeifungulia gari jalada. Kwa sasa lina folio arobaini na moja, na nimelazimika kufungua juzuu ya pili, heshima ambayo kwa kawaida hupewa migogoro ya ardhi.

Mama watoto hagombi. Ana njia yake. Akiona nimevaa suruali ya zamani siku ya Jumamosi, huuliza kwa sauti ya kawaida, "Unakwenda kumtembelea mgonjwa?" Na wenzangu wa ofisini, wanne ambao huomba lifti kila jioni na kukaa wamejipanua, wana kipaji ambacho sijakiona kwingine: injini ikikohoa mara moja tu, mlango unafunguliwa, na kabla sijaegesha pembeni wote wamekwisha kupanda bodaboda. Hakuna aliyewahi kusukuma. Mmoja aliwahi kunipungia mkono.

Wiki iliyopita alipanda dada mmoja wa idara ya mipango, ambaye aliwahi kusoma Japani miaka miwili. Nililiwasha gari, likasema maneno yake, nami nikajibu kama kawaida, "Na wewe pia, ahsante." Dada akacheka mpaka akashika dashibodi. Nilimuuliza kwani salamu hiyo ina kosa gani.

"Kaka, hiyo si salamu," akasema. "Ni kifaa cha kulipia barabara za kasi za kule. Anasema kadi ya malipo haijaingizwa."

Nilinyamaza mpaka tukapita Ihumwa. Miezi yote hiyo nilikuwa nimejifariji kwamba katika orodha ya wanaonidai, yaani chama cha akiba na mikopo, fundi, muuza spea na mzee wa Kigwe niliyemwahidi soda, kulikuwa angalau na sauti moja inayonitakia heri. Kumbe naye alikuwa kwenye foleni, tena tangu siku ya kwanza.

Jana alfajiri niliwasha. Injini iliguna, ikatetemeka, ikazima; yeye hakuzima, akasema maneno yake kwa upole uleule.

"Mshahara haujatoka, dada yangu," nikamjibu, kisha nikashuka kutafuta watu wa kunisukuma.