Konsevatori au chuo kikuu: pa kusomea shahada ya muziki

Konsevatori (vyuo maalumu vya muziki) nyingi za Uingereza hufunga maombi ya masomo ya muziki mapema Oktoba, ilhali masomo yenyewe huanza Septemba ya mwaka unaofuata. Vyuo vikuu vingi vya kawaida husubiri hadi Januari. Kwa hiyo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyefaulu Gredi ya 8 ya ABRSM (mitihani ya muziki ya Uingereza) katikati ya mwaka, akaanza kuulizia vyuo Novemba, hukuta mlango mmoja umeshafungwa na mwingine uko wazi. Huingia chuo kikuu kwa sababu ya kalenda tu, wala si kwa kuwa amepima akachagua. Ni hasara, maana uamuzi huu una hoja nzito pande zote mbili na unahitaji muda wa kuukalia.

Konsevatori ni chuo ambacho kupiga ala, kuimba au kutunga ndiyo kazi yenyewe, na mengine yote huizunguka kazi hiyo. Jina lilianzia Italia. Huko Naples, karne ya 16, makao ya kuhifadhi watoto yatima yaliitwa hivyo, na baadaye yakawa shule za muziki. Paris ilifungua ya kwake mwaka 1795. London ina Royal Academy of Music tangu 1822 na Royal College of Music tangu 1882, na vyuo hivyo viwili ndivyo vilivyoanzisha ABRSM mwaka 1889, mitihani ileile ambayo watoto wetu hufanya kila mwaka. Shahada ya kwanza ya konsevatori huko huchukua miaka 4. Chuo kikuu cha Uingereza kwa kawaida humaliza kwa 3, na hutumia sehemu kubwa ya muda huo kwenye historia ya muziki, uchambuzi wa tungo, nadharia na uandishi.

Hoja kubwa ya upande wa konsevatori ni saa, na hesabu yake si ngumu. Mtoto anayefanya mazoezi ya saa 1 kila siku kuanzia umri wa miaka 8 hadi 18 hukusanya takriban saa 3,650. Mwenzake anayefanya saa 3 anakaribia 11,000. Huyu wa pili ndiye ambaye mwombaji wetu atakaa naye chumba cha kusubiri siku ya usaili, yaani siku ya kupiga mbele ya jopo. Huenda amesoma katika shule maalumu ya muziki kama Chetham's ya Manchester au Yehudi Menuhin School, au kila Jumamosi kwa miaka mingi alikuwa katika idara ya watoto ya konsevatori. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kipaji pekee. Miaka 4 ya mazoezi ya saa 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, huongeza saa 4,800. Katika chuo kikuu, kati ya insha na maktaba, anayepata saa moja na nusu kwa siku amejitahidi sana.

Juu ya saa hizo kuna mwalimu. Konsevatori humpa mwanafunzi somo la ana kwa ana la saa 1 hadi 1 na nusu kila wiki ya muhula, mara nyingi na mtu ambaye jioni yake hupiga katika okestra ya mji huohuo. Tena huongezwa darasa la ufundi, kikundi kidogo cha watu 3 hadi 5 chenye mwalimu wake, miradi ya okestra, mafunzo ya usikivu na harmoni. Vyuo vikuu navyo hugharimia masomo ya ala, lakini vinatofautiana sana, na kwingi idadi ya saa ni nusu ya hiyo au chini yake. Mwombaji aulize idadi ya saa kwa mwaka na nani anazilipia, asiridhike na maneno mazuri ya kijitabu.

Jambo linalowashtua wengi ni mwaka wa kwanza. Mwalimu mpya wa fidla akiona bega limepanda na mkono wa upinde umekaza, humrudisha mwanafunzi kwenye nyuzi tupu, skeli na mazoezi ya upinde wa polepole, pengine kwa miezi mitatu au minne. Mwanafunzi aliyezoea kupigiwa makofi kanisani na shuleni hujisikia ameporomoka. Kwa muda huo ameporomoka kweli, kwa sababu tabia ya zamani imevunjwa na mpya haijakaa. Ndiyo maana miaka 4 si mingi: mmoja wa kubomoa, mmoja wa kujenga upya, miwili ya kukomaza. Wanaoshindwa hapa mara nyingi ni wale waliojifungia kufanya mazoezi kwa njia ya zamani ili wasionekane dhaifu mbele ya wenzao.

Hata hivyo ala hazilingani, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapowapotosha watu. Mpiga fidla, sello au piano hawezi kusubiri; mikono inayofundishwa upya ikiwa na miaka 22 huchelewa. Mwimbaji ni mwili tofauti kabisa. Sauti, hasa ya besi na baritoni, huendelea kukomaa hadi mtu akaribie umri wa miaka 30, na koo haliwezi kubebeshwa saa 5 za mazoezi kwa siku. Saa 1 au 2 zilizogawanywa vipande zinatosha. Kwa mwimbaji, kusoma chuo kikuu miaka 3, kujifunza Kijerumani, Kiitaliano na Kifaransa, kuimba katika kwaya nzuri, kisha kuingia konsevatori kwa shahada ya pili ya miaka 2 si njia ya walioshindwa. Waimbaji wengi wa Uingereza wamepitia kwaya za vyuo vya Cambridge na Oxford kwa mtindo huo. Mtunzi na mwongoza okestra nao wana nafasi ya kusubiri. Wapiga shaba (tarumbeta na jamii yake) wako katikati: misuli ya midomo huchoka upesi, hivyo saa zao za mazoezi ni chache, lakini okestra na kikundi cha kupiga nacho lazima wavipate mapema.

Upande wa pili una hoja ambayo haipaswi kulainishwa, nayo ni ya viti. Okestra kubwa ya simfoni ina wapiga nyuzi wapatao 60: fidla za kwanza 16, za pili 14, viola 12, sello 10, besi 8. Fluti ni 3 au 4. Tuba ni 1. Kila konsevatori inahitimisha wapiga fluti kila mwaka, na kiti cha fluti katika okestra moja huenda kikakaliwa na mtu yuleyule kwa miaka 25. Hata nafasi inapotangazwa, Uingereza haitoi kazi kwa usaili peke yake: waliopita huitwa kupiga na okestra kwa majaribio yanayoweza kuchukua miezi mingi. Isitoshe, katika okestra kama London Symphony wapigaji si waajiriwa. Wamejiajiri na hulipwa kwa kazi. Hivyo wahitimu wengi huishi kwa mchanganyiko wa kufundisha, kupiga kwenye harusi na makanisa, kurekodi na kuziba nafasi za wagonjwa. Ni maisha halali na wengi wanayapenda. Shida ni kwamba mtu aliyeambiwa kwa miaka 4 kwamba lengo ni kiti cha okestra huyapokea kama kushindwa. Mwenye shahada ya chuo kikuu ana uandishi, utafiti na hoja vinavyompeleka redioni, kwenye uchapishaji, ualimu au hata kazi isiyo ya muziki bila kujieleza sana.

Kuna pia mwili. Mkono unaotoka saa 1 hadi 5 kwa siku ndani ya wiki mbili za kwanza huweza kupata uvimbe wa kano. Inafaa kuongeza dakika 15 au 20 tu kwa siku kila wiki na kupumzika dakika 10 baada ya kila dakika 40 au 50. Masikio nayo huumia kimyakimya. Kelele ya desibeli 85 huvumilika takriban saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatika nusu. Chumba kidogo chenye tarumbeta hupita hapo kwa urahisi. Mwaka 2018 mpiga viola Chris Goldscheider alishinda kesi dhidi ya Royal Opera House ya London kwa madhara aliyopata masikioni kwenye mazoezi ya 2012, akiwa ameketi mbele ya wapiga shaba. Vizibo vya masikio vya wanamuziki vinunuliwe kabla ya koti la baridi.

Kuhusu kuingia, vipimo vinapishana. Konsevatori husikiliza kwanza. Kwa alama za darasani nyingi huridhika na masomo mawili ya A-level (mtihani wa mwisho wa sekondari ya Uingereza) yaliyofaulu tu, na alama 5.5 katika IELTS, mtihani wa Kiingereza. Oxford huomba AAA, yaani A katika masomo matatu. Mwenye KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari ya Kenya) pekee aulize mapema kama atahitaji mwaka wa maandalizi. Gredi ya 8 yenye alama 130 kwa 150 ni mahali pa kuanzia na haimhakikishii mtu nafasi. Usaili ni dakika 10 hadi 15: tungo mbili zinazotofautiana, nota za kusoma papo hapo, mara nyingine kipimo cha usikivu, na mazungumzo mafupi. Kosa la kawaida ni kuchagua tungo ngumu kupita uwezo ili kuvutia. Jopo husikia haraka kama mkono unapigana na nota, na hupendelea tungo nyepesi kidogo iliyopigwa kwa sauti nzuri, mdundo uliotulia na mwisho wa sentensi za muziki unaoeleweka.

Vyuo vingi hupokea video kwa wanaotoka mbali, na video zina mitego yake. Simu hurekebisha sauti yenyewe: hupandisha pale unapopiga kwa sauti ndogo na kushusha unapopiga kwa nguvu, hadi tungo nzima inasikika bapa. Zima marekebisho hayo kama simu inaruhusu, au tumia kinasa sauti cha pembeni. Weka kamera mita 2 au 3, mikono na uso vionekane, piga kila tungo bila kukata. Piano ya Pwani irekebishwe siku mbili tatu kabla, kwa sababu unyevu huvimbisha mbao, na vibonye vikikwama kamera haitajua kwamba kosa si la mpigaji. Anayepiga obo Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, akienda London mwenyewe afike mapema na matete (vipande vya kupulizia) ya akiba, maana tete lililozoea hewa hii hujibu tofauti kule chini.

Fedha ndizo hupindua mizani kwa familia nyingi za Afrika Mashariki. Ada ya mwanafunzi wa kigeni katika konsevatori za London hupita pauni 25,000 kwa mwaka, mara nne. Viza inataka ionyeshwe akiba ya kujikimu, kwa London zaidi ya pauni 13,000 kwa miezi 9, ikiwa imekaa benki siku 28 mfululizo. Na kuna sharti ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafika: mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kufanya kazi ya kutumbuiza. Kupiga kwenye harusi Jumamosi kwa malipo, jambo ambalo mwenzake Mwingereza hulitegemea kwa kodi ya nyumba, yeye linaweza kumfutia viza. Anaweza kuajiriwa dukani hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, saa ambazo zinakula mazoezi yaleyale aliyoyafuata. Bila ufadhili unaofunika zaidi ya nusu ya ada, konsevatori ya London kwa shahada ya kwanza ni mzigo usiobebeka, na wazazi wasiuze shamba kwa ajili yake. Ujerumani ni mlango mwingine: vyuo vya umma vya muziki katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na akaunti ya kujikimu ni kama euro 12,000 kwa mwaka. Ila usaili ni mkali katika nadharia na usikivu, na Kijerumani hakikwepeki.

Swali la kurudi nyumbani halipewi uzito wake. Mwenye shahada ya upigaji anayetaka kufundisha sekondari za serikali Kenya atakutana na TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, inayotaka mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Shahada ya fidla peke yake haitoshi. Na mtu ambaye moyo wake uko kwenye udi au kanuni (ala za nyuzi za taarabu) au ngoma hatapata mwalimu wa vitu hivyo katika konsevatori nyingi za Ulaya. Kwake Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, iliyoanza 2002, ina thamani ambayo London haiwezi kuiuza, na shahada za muziki za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Kenyatta humwachia fedha za kozi fupi nje. Hao wasione aibu kubaki. Wa nyuzi na piano wenye mkono mzuri na ufadhili mkononi, wao waende, na waende mapema.

Anayeamua kwenda aanze na mwalimu kabla ya jina la chuo. Kufikia Juni au Julai, awaandikie walimu 3 au 4 kupitia chuo chao, aambatanishe video ya dakika 5, aombe somo moja la majaribio, hata kwa video, mengi hulipiwa. Baada ya somo ajiulize kama ameelewa la kufanya kesho yake asubuhi. Kisha amuulize mwalimu ana wanafunzi wangapi, huwa safarini wiki ngapi kwa mwaka, nani hufundisha akiwa hayupo, na kama mwaka ujao atakuwa na nafasi.