Mibofyo ya wateja: kipi duka likiandike, kipi likiache

Mteja akiandika "meko" kwenye kisanduku cha kutafutia cha duka la mtandaoni ambalo bidhaa zake zimeandikwa "jiko la gesi", "jiko la mkaa" na "jiko la umeme", mara nyingi atajibiwa kwamba hakuna kilichopatikana. Majiko yamejaa stoo. Mteja halalamiki wala hapigi simu kuuliza. Anafunga ukurasa na habari inaishia hapo, na mwenye duka hatajua kamwe kwamba alikuja.

Mazungumzo ya kurekodi mienendo ya wateja yangeanzia hapo yangefika mbali. Kwa wenye maduka wa hapa Tanga, kuanzia wauza vyombo wa Ngamiani hadi wanaopeleka nguo Muheza na Pangani kwa basi, huanzia kwingine: kwamba duka linaloandika mtu katafuta nini na kabofya wapi linamchungulia, na muungwana hachungulii. Hoja hiyo ina uzito na nitaifikia. Ila wengi wanaoitoa hawajatazama kinachotokea ndani ya kisanduku chenyewe.

Programu za kutafutia tunazozitegemea hazikutengenezwa kwa Kiswahili. Elasticsearch, iliyojengwa juu ya Lucene, huja na vichambuzi, yaani vipande vya programu vinavyotambua maumbo ya maneno, vya lugha zaidi ya thelathini; Kibasque kimo, Kigalisia kimo, Kiswahili hakimo. PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, nayo haina kamusi yetu. MySQL, ya aina hiyohiyo, inaruhusu kinyota (*) mwishoni mwa neno ili neno lipatikane na viambishi vyake vya nyuma, lakini mwanzoni mwa neno haikiruhusu. Utaratibu huo unawafaa wanaoongeza herufi mwishoni kuonyesha wingi. Sisi tunageuza mbele: kiatu viatu, mkeka mikeka, ufunguo funguo.

Mafundi hukimbilia kulinganisha vipande vya herufi tatu tatu. Nyongeza ya PostgreSQL iitwayo pg_trgm hufanya hivyo: huongeza nafasi mbili mbele ya neno na moja nyuma, hulikata, kisha hugawanya vipande vinavyofanana kwa jumla ya vipande vyote, vya pamoja vikihesabiwa mara moja tu. "Kiatu" na "viatu" vina vipande 3 vya pamoja kati ya 9, yaani 0.33. Kiwango cha kukubali kilichowekwa tangu mwanzo ni 0.3, kwa hiyo vinapita, lakini kwa taabu. Sasa pima "kitabu" na "kitanda": vipande 4 kati ya 11, yaani 0.36. Kwa hesabu hiyo kitabu na kitanda ni ndugu wa karibu kuliko kiatu na viatu. Pandisha kiwango hadi 0.35 ili anayetaka kitabu asiletewe kitanda, na matokeo yake viatu vimefukuzwa, kitanda kimebaki. "Jiko" na "meko" hupata kipande 1 kati ya 9, yaani 0.11, ukishusha kiwango hadi huko, duka zima litamwagika mbele ya mteja. "Jokofu" na "friji" ni sifuri kabisa. Hakuna namba utakayoiweka pale ikatenda haki kwa maneno yote haya. Huu si uzembe wa fundi wako. Maumbo ya herufi peke yake hayabebi habari inayotakiwa.

Wapo watakaosema basi orodha ya visawe iandikwe kwa mkono. Iandikwe, naam, na maneno mia ya kwanza yatakusaidia sana. Tatizo ni yanayofuata. Anayeagiza kutoka upande wa Horohoro, mpakani na Kenya, huenda akaandika "leso" akitaka kile ambacho wengine hapa wanakiita kanga, na mwingine kwa neno hilohilo anataka kitambaa cha mkononi. Kuna "mbuzi": kwenye duka la vyombo ni kibao cha kukunia nazi, kwenye duka la vyakula ni nyama, na duka linalouza vyote viwili lifanyeje? Mtu aliyekaa ofisini hawezi kuyabashiri yote. Wanaoyajua ni wateja, nao huyasema kila siku kwa vidole vyao.

Kinachotakiwa kuandikwa ni kidogo: neno lililotafutwa, saa, bidhaa zilizoonyeshwa na mpangilio wake, kilichobofywa, na namba ya kikao. Kikao ni ziara moja. Kwa desturi huhesabiwa kimekwisha baada ya dakika 30 za kimya. Mtu anaandika "meko", hapati kitu, baada ya nusu dakika anaandika "jiko la gesi", anabofya. Jozi hiyo ikijirudia katika vikao vitano tofauti, iwekwe mbele ya mhudumu aikubali au aikatae. Wiki chache za kazi hiyo, na kisanduku kinaanza kusikia Kiswahili cha wateja wake. Hakuna jina hapo wala namba ya simu. Hakuna hata haja ya kujua kama mtu huyo aliwahi kuja mwezi uliopita. Ndiyo maana napata taabu kukubali kwamba jambo hili na lile la matangazo yanayomfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti ni dhambi moja.

Kubadilisha mpangilio wa matokeo kwa kufuata mibofyo ni kazi ngumu zaidi, na hapo ndipo wengi huharibu. Kosa la kwanza ni kuamini asilimia tupu. Sufuria iliyoonekana mara 2 ikabofywa mara 1 ina asilimia 50. Iliyoonekana mara 400 ikabofywa mara 60 ina 15. Ukipanga hivyo, ya kwanza inapanda juu kwa bahati nasibu. Dawa yake ni kuipa kila bidhaa mtaji wa kuanzia, tuseme kuonekana mara 50 na mibofyo 5. Ya kwanza inakuwa 6 kwa 52, yaani asilimia 11.5, ya pili 65 kwa 450, yaani 14.4. Mpangilio umerudi kwenye akili.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kilicho juu hubofywa kwa sababu kiko juu. Ukiacha hivyo, bidhaa za mwaka jana zitajilinda zenyewe na muuzaji mpya kutoka Lushoto hataonekana milele. Katika ziara moja kati ya kumi, badilishana nafasi za bidhaa mbili zinazofuatana, kisha linganisha. Na nafasi moja, ya nne au ya tano, iachiwe vitu vipya. Kwenye simu ndogo zinaonekana bidhaa mbili au tatu kwa wakati, kwa hiyo usihesabu "imeonekana" kwa zote ishirini ulizotuma. Hesabu zile zilizofika kwenye kioo tu.

Kisha kuna mambo ya kwetu ambayo miongozo ya nje haiyataji. Mtu akibofya na kurudi haraka, miongozo husema hakupenda. Hapa huenda mtandao ulikwama au bando limekata, basi kurudi kuhesabiwe pale tu ukurasa ulipomaliza kufunguka. Kiungo kikitumwa WhatsApp, programu huvuta ukurasa ili kutengeneza kile kipicha cha utangulizi, na seva huandika kama mgeni amekuja; chuja jina la WhatsApp kwenye kumbukumbu kabla ya kuhesabu. Mauzo nayo mengi humalizikia humohumo WhatsApp, nje ya tovuti, kwa hiyo ukingoja kitufe cha "nunua" utaona duka lako haliuzi kitu. Kubonyeza kitufe cha kuzungumza na muuzaji ndiyo dalili ya ununuzi uliyo nayo. Na wafanyakazi wako waondolewe kwenye hesabu, maana mhudumu anayefungua ukurasa uleule mara thelathini kwa siku kuwajibu watu bei ataufanya uonekane kipenzi cha Tanga nzima.

Mapendekezo ya "waliotazama hiki walitazama na kile" nayo hayahitaji kumjua mtu. Njia ambayo wahandisi wa Amazon waliieleza mwaka 2003 hulinganisha bidhaa na bidhaa, si mteja na mteja: zipi hukutana katika mikono ya watu walewale. Jedwali lake hutengenezwa usiku, na mchana huulizwa tu. Angalizo langu ni moja. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo mfumo unaojifunza kwamba "mwezi wa tatu watu hununua tende na kanzu" utapotoka taratibu mwaka hadi mwaka bila mtu kugundua. Mpe kalenda ya Kiislamu kama safu ya pili kwenye jedwali.

Sasa upande wa pili. Agosti 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ilitoa hadharani utafutaji wa watumiaji wapatao 650,000 wa miezi mitatu, maswali kama milioni 20, ikiwa imeweka namba mahali pa majina. Ilichukua siku chache tu kwa waandishi wa gazeti kumtambua mmoja wao kwa kusoma aliyoyatafuta. Netflix nayo ilitoa alama zaidi ya milioni 100 ambazo watazamaji walizipa filamu, kwa ajili ya shindano lake la dola milioni moja, lililopata mshindi mwaka 2009 kwa kuboresha ubashiri wa alama hizo kwa asilimia kidogo zaidi ya 10. Watafiti wawili walionyesha kuwa kwa taarifa chache za nje mtu anaweza kutambuliwa humo, na shindano la pili likafutwa mwaka 2010. Kuondoa jina hakutoshi. Anayenijibu kwamba "sisi tunahifadhi namba tu" hajanijibu.

Huku kwetu kuna linaloniudhi zaidi ya AOL, nalo ni simu ya pamoja. Simu moja hushikwa na mama, kijana wake na dada wa kazi. Mama anatafuta kipimo cha mimba saa nne usiku. Asubuhi kijana anafungua duka kuangalia viatu, na ukurasa wa mwanzo unampokea kwa vipimo na vitamini za wajawazito. Hakuna mdukuzi, hakuna taarifa iliyovuja nje ya seva, programu imefanya kazi kama ilivyoagizwa, na siri imetoka sebuleni. Wanaotetea kukusanya kila kitu hupenda kusema Mangi wa dukani naye anakumbuka unachonunua. Anakumbuka, lakini Mangi akimwona mtoto anajua kunyamaza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi ajisajili kwenye Tume iliyozinduliwa Aprili 2024, aseme anakusanya kwa lengo gani, na asitumie kwa lingine. Duka dogo haliepuki kwa udogo wake.

Kwa hiyo mpaka nauweka hivi. Mwenendo wa wengi ukijumlishwa utumike kufunza kisanduku na kupanga matokeo, bila kuona haya. Mwenendo wa kikao kinachoendelea utumike kwa mapendekezo na kufa pamoja na kikao. Kumbukumbu ya mtu mmoja ya miezi na miezi, ile ya kwamba "huyu hupenda bei ya chini", iachwe. Sisemi hivyo kwa sababu ya sheria tu. Faida yake ni ndogo mno. Google ilipoanza kupanga matokeo kwa kila mtu hata ambaye hajaingia kwenye akaunti, Desemba 2009, ilitumia siku 180 za utafutaji wa mtu anayetafuta mara nyingi kwa siku. Mteja wa vyombo huja mara mbili kwa mwaka. Kwenye iPhone, tangu 2019, kivinjari cha Safari hufuta baada ya siku 7 vidakuzi (alama ndogo ambazo tovuti huacha kwenye simu ili kumkumbuka mtu) vilivyowekwa kwa JavaScript, lugha ya programu za ukurasani, hivyo huyo "mteja wa zamani" unayemfuatilia huonekana mgeni kila wiki. Ukijaribu kuziba pengo hilo kwa anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, ni kujidanganya, maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unabeba hatari yote ya AOL kwa ajili ya picha isiyo ya mtu yeyote.

Ile kanuni ya vikao vitano inasaidia pande zote mbili. Neno lililoandikwa na mtu mmoja tu, jina lake mwenyewe pengine au ugonjwa wake, halifiki kwa urahisi kwenye jedwali la visawe. Kumbukumbu ghafi zifutwe baada ya siku 30, jumla zibaki. Dawa, vipimo na vifaa vya hedhi vitafutike kama kawaida, ila visiingie kwenye mapendekezo hata mara moja. Hiyo ni safu moja ya ndiyo au hapana kwenye jedwali la bidhaa, kazi ya asubuhi moja. Na bei isibadilike kwa kumtazama mtu, hilo silijadili.

Waliokataa kurekodi chochote nao waifungue seva yao watazame. Kisanduku kikituma neno kupitia anwani ya ukurasa, kama ilivyo kwa tovuti nyingi, basi programu ya seva, nginx au Apache, imeliandika kila neno lililowahi kutafutwa, pamoja na saa na anwani ya IP. Kwenye mfumo wa Ubuntu, unaotumika kwenye seva nyingi, mafaili hayo huzungushwa kila siku na kubaki siku 14, na nakala za akiba za kampuni inayohifadhi tovuti huenda zikakaa zaidi. Hayamfunzi kisanduku hata neno moja, na "meko" bado haipati jiko. Mwambie fundi abadilishe muundo wa kumbukumbu ili tarakimu za mwisho za anwani zikatwe, kisha aulize nakala za akiba hufutwa lini.