"Hawajiamini", mnasema. Mliwapa darasa gani?

Juzi kwenye ofisi yetu ya walimu hapa Uyole, Mbeya, baridi imetubana mbavu, mwenzetu mmoja alikuwa anajaza fomu za wanachuo wa ualimu waliomaliza BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Akafika kwa yule binti wa Fizikia, akaguna: "Hawa wadada hawajiamini." Ofisi nzima ikatikisa kichwa kukubali. Mimi chai ilinishinda.

Yule binti alipangiwa nini wiki zote zile? Kidato cha kwanza, Kiswahili, somo ambalo hata hakulisomea. Matroni akisafiri, "madamu, tusaidie bwenini." Kikao cha wazazi, madamu ashike daftari la mahudhurio, na kwa kuwa ana mwandiko mzuri, aandike na kadi. Kijana aliyeshuka naye basi moja alikabidhiwa Fizikia ya kidato cha tatu tangu Jumatatu ya kwanza. Akakosea umeme mbele ya darasa, akacheka, kesho yake akarudi kurekebisha. Leo huyo ndiye anayejiamini. Ajabu kweli!

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika tangu 1977 kwamba imani ya mtu kuwa kazi fulani ataiweza huchotwa kwenye visima vinne: kuifanya mwenyewe ukaiweza, kumwona mwenzako akiiweza, kutiwa moyo na watu, na hali ya mwili na roho siku hiyo. Cha kwanza ndicho chenye maji mengi. Sasa binti umemfunikia cha kwanza. Cha pili kikavu, maana mwalimu wa kike wa Fizikia hapa hatuna hata mmoja. Cha tatu unakitia mchanga kwa miguno yako. Halafu unashangaa ana kiu.

Na wanafunzi kuwadharau walimu wa kike? Wanaiga ofisini.

Haya, nakubali, zipo tafiti ambazo wanachuo wa kiume wanajipa alama za juu za kujiamini kuliko wa kike. Zipo pia zisizoona tofauti, na zipo ambazo wanawake wako mbele. Lile dodoso maarufu la watafiti Tschannen-Moran na Woolfolk Hoy la 2001, la kupima mwalimu anavyojiamini kazini, lina maswali 24, alama 1 hadi 9, na unajipigia mwenyewe! Aliyelelewa akiambiwa binti mwenye adabu hajisifu ataweka 6 kwa kazi ya 8. Na wapo akina kaka wa 9 ambao andalio la somo wamenakili kwa jirani. Nawajua. Mmoja amenioa.

BTP yangu mimi ilikuwa Rungwe, mvua asubuhi, mvua jioni. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mtu wa kadi vilevile. Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa Hisabati, mkimya, amekaribia kustaafu. Alinipa chaki: "Binti yangu, kidato cha tatu, pembe za duara. Mimi nipo hapo nje naota jua." Jua, Rungwe! Nilikwama ubaoni, wavulana wa nyuma wakaanza kunong'ona. Sikutoka. Nikafuta ubao wote, nikaanza upya, ikakubali. Mzee hakuchungulia hata mara moja. Mpaka leo sijui alikuwa anasikiliza au alisinzia.

Jumatatu wanakuja wanachuo wengine sita, wanne wa kike. Ratiba ya vipindi nimeichukua, iko kwenye pochi yangu. Mwalimu wa taaluma akiihitaji, anajua ninapokaa.